D. N. Pritt: Wakili Mmoja, Mizani Mbili

Katika kumbukumbu za Afrika Mashariki, jina la Denis Nowell Pritt limefungamana na utetezi wa Jomo Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria, na barabara iliyopewa jina lake jijini Nairobi inalidumisha fungamano hilo. Kwao Uingereza anatajwa zaidi kuwa mbunge aliyeutetea Umoja wa Kisovyeti hata pale usipotetewa. Toleo hili, linalohusu mawakili na siasa za ukoloni, linashikilia kwamba Pritt hao wawili ni mtu yuleyule, na kwamba anayemsoma mmoja bila mwingine hamwelewi yeyote kati yao.

Pritt alizaliwa London mwaka 1887, na mwaka 1909 akawa barista, yaani wakili ambaye katika mfumo wa Uingereza kazi yake hasa ni kusimama mahakamani na kuhoji mashahidi, huku wakili wa aina ya pili akimpokea mteja na kuandaa nyaraka. Mwaka 1927 alipewa hadhi ya Wakili wa Mfalme, ambayo hutunukiwa mabarista waliobobea. Aliingia bungeni mwaka 1935 kwa tiketi ya chama cha Labour kutoka Hammersmith Kaskazini, akafukuzwa chamani mwaka 1940 kwa kuutetea uvamizi wa Kisovyeti nchini Finland, lakini mwaka 1945, Labour ilipopata ushindi mkubwa nchini kote, wapiga kura wake walimrudisha akiwa mgombea huru, ushahidi kwamba hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alishindwa mwaka 1950.

Kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952, ilimkuta akiwa na umri wa miaka 65. Serikali ya kikoloni iliichagua sehemu ya mbali, ikamteua Ransley Thacker, jaji mstaafu, kuisikiliza peke yake akiwa hakimu, na ikawashtaki watu sita kwa kuiongoza Mau Mau, harakati ya siri iliyopinga utawala wa kikoloni nchini Kenya. Pritt alipotuma simu London kulalamika kwamba haki inanyimwa, yeye mwenyewe alishtakiwa kwa kosa la kuidharau mahakama, akaachiwa. Kwa maswali ya dodoso, yaani yale ambayo upande wa pili humuuliza shahidi ili kuupima ukweli wake, aliubana ushahidi wa Rawson Macharia, aliyedai kumwona Kenyatta akiongoza kiapo. Thacker aliuamini ushahidi huo hata hivyo, na Aprili 1953 akatoa hukumu ya miaka 7 ya kazi ngumu. Mwaka 1958 Macharia alikula kiapo kwamba alikuwa amesema uongo kwa malipo. Serikali ikamfunga kwa kiapo hicho cha pili, si kwa ushahidi wa kwanza.

Lakini mwaka 1936 wakili huyohuyo alihudhuria kesi ya Zinoviev na Kamenev, waliokuwa viongozi wa Wabolsheviki, mjini Moscow, ambako washtakiwa walihukumiwa kifo hasa kwa maungamo yao wenyewe, akaandika kijitabu cha kuisifu kesi hiyo kuwa ya haki. Mwaka 1988 mahakama ya Kisovyeti yenyewe iliifuta hukumu hiyo. Haiwezekani kusema kwamba Pritt hakuijua kazi yake. Aliijua kuliko wengi, na ndiyo sababu kosa lake ni zito. Shaka aliyoielekeza kwa mwendesha mashtaka wa dola ya kikoloni hakuielekeza kwa mwendesha mashtaka wa dola aliyoipenda.

Mwaka 1958 alikuja Dar es Salaam kumtetea Julius Nyerere, aliyeshtakiwa kwa kashfa ya jinai, yaani kuchapisha maneno ya kumvunjia mtu heshima kwa namna inayohesabiwa kuwa kosa dhidi ya dola. Maneno yenyewe yalichapishwa katika Sauti ya TANU, jarida la chama alichokiongoza, nayo yaliwahusu mabwana shauri, watawala wa wilaya. Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000, akailipa. Pembeni ya Pritt walikuwapo Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri, kama walivyokuwapo A. R. Kapila, Fitz de Souza, H. O. Davies wa Nigeria na Dudley Thompson wa Jamaika katika kesi ya Kapenguria. Umaarufu wa mgeni kutoka London umewafunika mawakili hao kwa muda mrefu mno, na makala zinazofuata zinaanza nao.