KARO YA WATOTO WETU NA JINA LA TAJIRI

Ndugu Wafanyakazi wa Kitui na Makueni,

Kila shule zinapofunguliwa tunaona jambo lile lile. Wazazi wamepanga mstari na fomu za basari mkononi, na mtoto amekaa nyumbani kwa sababu karo haijatimia. Ndipo inapokuja jamaa ya kitajiri na wakfu wenye jina lake. Inachagua watoto wachache wenye alama nzuri na kuwalipia. Inatoa fedha kwa wataalamu wauchunguze ukame wetu, na nyingine kwa wacheza ngoma na wachonga vinyago. Hema husimamishwa, hotuba husomwa, nasi tunaambiwa tupige makofi.

Hatumwambii mzazi yeyote akatae. Mtoto akilipiwa karo, na aende, tena asome kwa bidii. Ugomvi wetu ni na wale wanaotaka tuamini ya kuwa hisani ya jamaa moja yaweza kukaa mahali pa mshahara wa haki na kodi ya haki. Hilo tunalikataa, na sababu tunazo.

Tazameni Kilima Mbogo, mlima wa jirani zetu wa Machakos. Huko lilikuwako shamba kubwa la katani la Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Mjane wake alisimamisha maktaba mjini Nairobi kwa ukumbusho wake, nayo ikafunguliwa mwaka 1931. Jengo ni zuri, na lipo hata leo. Lakini kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mkata katani alifanya kazi katika shamba la McMillan, na mlango wa maktaba ya McMillan ulikuwa umefungwa mbele yake. Hiyo nayo iliitwa hisani.

Katika shamba lile lile alizaliwa Tom Mboya mwaka 1930. Baba yake alikuwa msimamizi wa wakata katani. Mtoto alianza masomo Kabaa, hapa hapa Ukambani, kisha akafika shule ya Mang'u, akaiacha kabla ya mtihani wa mwisho kwa kuwa karo ilikosekana. Fikirini jambo hili, ndugu. Baba hakuwa kibarua wa chini, alikuwa msimamizi, na bado mshahara haukutosha kumsomesha mwanawe. Kijana hakupungukiwa akili. Baba yake ndiye aliyepungukiwa mshahara.

Kijana huyo ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi tangu mwaka 1953. Mwaka 1959 yeye na wenzake walipeleka vijana 81 Marekani kwa ndege ya kwanza. Mwaka 1960 nauli ya kundi la pili ilipungua. Mwezi wa Julai Mboya alionana na Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mwaka huo Seneta alikuwa akigombea urais, na sifa ya jambo lile haikumdhuru. Miongoni mwa waliokwenda mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Watetezi wa hisani hupenda kutuletea mfano huu. Nasi twaukubali, ila usimuliwe wote. Orodha ya vijana ilitengenezwa Kenya na Mboya, Dr. Kiano na wenzao, si na jamaa ya Kennedy. Nafasi za vyuo vijana walikuwa wamekwisha kuzipata. Wazazi na vijiji walikwisha kuchanga. Kilichobaki kilikuwa nauli. Msaada wa namna hiyo tunauelewa: sisi tumeushika mzigo, mwingine anaongeza mkono. Huo ni mwethya, na hakuna Mkamba asiyejua mwethya ni nini. Harambee ya shule za Kitui ilikuwa kubwa hata Martin Hill akaiandikia kitabu kilichochapwa Uingereza mwaka 1991.

Lakini siku hizi orodha hutengenezwa wapi? Huandikwa ofisini kwa tajiri, na mzazi hana pa kuuliza mbona mwanawe ameachwa.

Sasa tuseme juu ya fedha zenyewe. Tajiri akitoa fedha taslimu kwa shirika la hisani lililosamehewa kodi, fedha hizo hutolewa katika hesabu ya mapato yake kabla ya kutozwa kodi. Kampuni hutozwa 30 kwa mia ya faida. Basi katika kila shilingi 100 inazotoa kampuni namna hiyo, shilingi 30 zingekwenda serikalini, zilipe walimu na zijenge madarasa. Jina lililoandikwa ukutani ni la mmoja, na mchango ni wa wote. Na wewe unayemlipia karo mtoto wa ndugu yako, je, hupunguziwa kodi? La. Yako hukatwa kabla hujauona mshahara.

Wako watakaosema: "Maskini amepata, mbona mnalalamika?" Tunawajibu: mtoto mmoja amepata, na darasa zima limebaki. Katiba ya mwaka 2010 inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi bila malipo. Haki haiombwi kwa fomu, wala haingoji moyo wa mtu ulainike.

Jambo hili lina haraka. Katika bonde la Mui, Kitui, makaa ya mawe yamekwisha kugunduliwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: 70 kwa mia kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa wenyeji wa mahali madini yanapochimbwa. Siku tajiri yeyote wa madini atakapokuja na basari mkononi, mwulizeni kwanza juu ya ile 10. Basari isije ikawa pipi ya kumnyamazisha mwenye mali.

Basi tunadai haya:

1. Tajiri alipe kwanza mshahara uliokubaliwa na chama, ndipo atoe hisani.

2. Kila wakfu unaosomesha watoto wetu uweke wazazi, walimu na wafanyakazi katika halmashauri ya kuchagua, na majina yasomwe barazani.

3. Mtafiti anayewahoji mama zetu siku nzima awalipe muda wao, kisha arudi kuwasomea aliyoyaandika, kwa Kikamba au Kiswahili.

4. Mchonga vinyago na msusi wa vyondo alipwe bei ya kazi yake. Zawadi ya sherehe moja haimlishi mwaka mzima.

Ndugu, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yaleteni madai haya katika mkutano wa tawi, myajadili, myaongeze. Mboya alipomwendea tajiri alikwenda na orodha yetu mkononi na chama nyuma yake. Nasi tusiende vinginevyo.

Umoja ni nguvu.