Juu ya mnara tuliisahau amana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia adabu za safari, na hasa safari ya mtu aliye peke yake ugenini. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwani anayewausia watu hana budi kuianza nafsi yake.

Mwezi Februari mwaka 2023 tulikwenda Umra, na katika kurejea tukapitia Dubai kwa siku moja. Kabla hatujaondoka Bariadi, mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia na kifurushi cha matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa juani, chakula wanachokifahamu vyema watu wa Simiyu. Mwanawe ni mlinzi huko Dubai, na ulikuwa mwaka wa tatu hajamtia machoni. Akasema: "Shehe, ukipita huko mpe hiki. Lakini kubwa zaidi mwangalie, uje uniambie amekuwaje." Tukasema Inshaallah, tukakipokea.

Tulipofika tulizungumza na kijana kwa simu. Tukaagana tukutane saa kumi na moja jioni katika msikiti mmoja wa mtaa wa Deira, karibu na anapolala, kwa kuwa saa kumi na mbili gari la kazini humchukua kwenda zamu ya usiku. Ndege yetu nayo ilikuwa ya usiku huo huo. Mchana tukawa hatuna shughuli, tukaona twende tukautazame mnara wa Burj Khalifa.

Mnara huo ulifunguliwa tarehe 4 Januari 2010, na una urefu wa mita 828, hata leo hakuna jengo lililosimama lenye kuushinda. Mgeni hukata tiketi na kupandishwa kwa lifti hadi ghorofa ya 124, mita 452 kutoka ardhini, kwa muda wa kiasi cha dakika moja tu. Fedha tuliyolipa ingemfikisha mtu Mwanza na kumrudisha Bariadi mara kadhaa. Tulipanda tukileta takbira, kama walivyokuwa wakifanya masahaba walipopanda mahali pa juu.

Hatuna haja ya kuficha kwamba tulistaajabu. Bahari upande mmoja, jangwa upande wa pili, na majumba ambayo ukiwa chini hukukunja shingo, huko juu yanakuwa kama visanduku. Magari yanatambaa. Watu ni nukta, na huwezi kumjua mfanyakazi wala tajiri. Sala za Adhuhuri na Alasiri tulikwisha kuzijumuisha kwa ruhusa ya msafiri, hivyo hata sala haikutuondosha pale. Tukasema tungoje kidogo jua literemke. Kidogo ikaongezwa kidogo. Tulipoitazama saa, ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, na foleni ya kushuka ilikuwa ndefu kuliko ile ya kupanda.

Tulifika Deira jua likiwa linazama. Kijana alikwisha kuondoka na gari la kazini. Alitungoja mlangoni mwa msikiti muda wote aliokuwa nao, na simu yake kazini hairuhusiwi. Hatukumjua mtu mwingine wa kumwachia kifurushi. Tukarudi nacho Bariadi.

Ndugu msomaji, wapo watakaosema kosa letu ni kupanda mnara. Watataja hadithi mashuhuri ya Jibrili, iliyopokewa na Imamu Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) ametaja miongoni mwa alama za Kiyama kuwa wachunga mifugo wasio na viatu watashindana kujenga majumba marefu. Hadithi ni sahihi, lakini Imamu Nawawi amekwisha kubainisha kwamba si kila kilichotajwa kuwa alama ya Kiyama kimeharamishwa. Aidha, Qur'ani inatuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame. Aliyelaumiwa ni Firauni, aliyemwamuru Hamana amjengee mnara ili apande amchungulie Mola wa Musa. Alilaumiwa kwa kibri chake, wala si kwa kupenda kutazama.

Na kibri cha urefu ni kitu cha kushangaza. Maji ya Ziwa Viktoria yako kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali Dubai iko ufukweni mwa bahari yenyewe. Maana yake ni kwamba mchunga ng'ombe wa Lamadi, anayewanywesha mifugo wake ziwani, yuko juu kuliko ncha ya Burj Khalifa, na hajakata tiketi wala hajajisifu. Qur'ani imetukumbusha kwamba mwanadamu hata atembee kwa majivuno hawezi kuifikia milima kwa urefu.

Basi kosa letu lilikuwa wapi? Tulikuwa na amana mbili, kifurushi na kuangalia hali ya mtoto wa watu, na tukaitanguliza burudani ya macho mbele yake. Tuliona mji mzima, tukamkosa mtu mmoja tuliyetumwa kumwona. Hapa ndipo tunapofahamu hekima ya Mtume (S.A.W.) kutopendelea mtu asafiri peke yake. Wanachuoni wameeleza hatari za njiani, nazo ni kweli. Lakini iko hatari nyingine: aliye peke yake hana wa kumkumbusha. Lau tungekuwa na mwenzetu mmoja pale juu, angetugusa bega na kusema, "Shehe, saa hiyo, mtoto anangoja."

Iko fatwa moja inayofaa kutajwa hapa. Mwaka 2011 Dk. Ahmed al-Haddad, mkuu wa idara ya fatwa ya Dubai, alieleza kuwa wakazi wa Burj Khalifa walio juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 wangoje dakika tatu, kwa sababu wao hulioa jua muda mrefu zaidi. Tazama sheria ilivyo: aliye juu huwangojea walio chini wale kwanza. Sisi siku ile tulifanya kinyume, tukamngojesha aliye chini.

Tulipompigia kijana simu kumwomba radhi, hakulalamika. Alituuliza tu: "Shehe, huko juu kukoje? Mimi napita chini yake kila siku, sijapanda." Tulikosa la kumjibu. Na mama yake alipopokea kifurushi chake kama alivyokifunga, alisema: "Basi, Shehe, almuradi umefika salama." Maneno hayo yalituumiza kuliko lawama.

Kwa hiyo tunausia mambo matatu. Kwanza, ewe unayesafiri, ianze amana, kisha ukatalii. Mnara hauondoki na gari la zamu. Pili, usisafiri peke yako ukiweza, na usipoweza, mwachie mtu wa nyumbani orodha ya uliyotumwa, akupigie simu kukukumbusha. Tatu, kamati za misikiti yetu Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega ziwe na daftari la vijana wetu walioko Uarabuni, majina yao, simu zao na za wazazi wao, ili kila anayekwenda Hija, Umra au biashara apewe mtu wa kumjulia hali. Vijana hao wanaleta fedha, nasi tunazipokea kwa furaha. Haifai tuwajue kwa fedha tu.

Tumuombe Mwenyezi Mungu atusamehe tulipoteleza, awahifadhi watoto wetu walio ugenini, na awakutanishe na mama zao katika hali ya kheri. Amin.

Wabillahi Tawfiq.