Eti Kubadili Jina!

Nimerudi chuo kutoka BTP Buseresere, vumbi bado liko kwenye viatu, na nina hasira. Leo hakuna stori za kantini. Leo nagombana na neno moja tu: rename.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilisahihisha jaribio la Kidato cha Pili, watoto 43, nikapiga picha kila karatasi, nikawarudishia. Jioni nikahamishia picha kwenye laptopu yangu ya Ubuntu. Si mnajua simu inavyozipa picha majina ya tarakimu ndefu ndefu? Basi nikaandika kiskripti cha Python: soma orodha, ipe kila picha namba ya mwanafunzi. Sekunde moja, kwisha. Nikajiona mtaalamu kweli. Zikabaki picha 42.

Binti mmoja hakuwa na picha, nikamwandikia hakufanya. Kesho yake akasema, "Mwalimu, mimi nilifanya." Nikamjibu kompyuta haidanganyi. Mbele ya wenzake, jamani! Siku iliyofuata akaleta karatasi imekunjwa mara nne, 31 kwa 50, na wino mwekundu ni wa kwangu mwenyewe.

Nilikosea kwenye orodha: yeye namba 17, mwenzake 18, nikaandika 18 wote wawili. Kosa langu hilo, silikatai. Lakini picha ya pili ilipofika na kukuta jina lina mwenyewe, mashine haikuuliza wala kuonya. Ilimfuta wa kwanza, ikamkalisha wa pili kwenye kiti chake. Jamaa hapa bwenini wanasema virusi. Virusi wapi! Mashine ilifanya kazi yake sawasawa kabisa, na hicho ndicho kinachoniudhi.

Programu haibadili jina yenyewe. Inauomba mfumo endeshi, na ombi hilo ndilo rename. Faili lenyewe halisogei diskini, kinachobadilika ni mstari kwenye daftari la folda. Chukua Buseresere: ilikuwa Biharamulo, mkoa wa Kagera, mwaka 2005 ikazaliwa wilaya ya Chato, na 2012 Chato ikaingizwa kwenye mkoa mpya wa Geita. Anwani imebadilika mara mbili, soko halijasogea hata hatua. Huko ndiko kubadili jina. Sasa fikiria Chato ingefika Geita, ikakuta kuna Chato nyingine, ikaifuta kimyakimya na watu wake wote. Hapo bado ungeita kubadili jina?

Wajuzi wa Unix wataniambia kuna sababu. Naijua. Programu inaandika faili jipya pembeni, halafu inalibandika juu ya lile la zamani kwa pigo moja. Anayechungulia wakati huo atakuta la zamani zima au jipya zima, siyo nusu nusu. Kitu kizuri sana, ila hiyo ni kazi nyingine, ipeni jina lake! Python wenyewe walishaliona hilo, tangu toleo 3.3 la mwaka 2012 kuna os.replace. Lakini os.rename niliyoitumia mimi, kwenye Linux bado inafuta. Mwenzangu wa chumbani ana Windows, tukajaribu skripti ileile: ikagoma, ikatoa kosa. Mstari mmoja, mashine mbili, tabia mbili. Mwe!

Na msiniambie haiwezekani. Kabla ya rename kuingia na 4.2BSD mwaka 1983, Unix ilikuwa na hatua mbili: link inaandikisha jina jipya, unlink inafuta la zamani. Na link ikikuta jina lina mwenyewe, inakataa. Linux ilikuja kurudisha adabu hiyo 2014, toleo 3.15, kwa renameat2 yenye alama ya RENAME_NOREPLACE. Yaani lazima uombe usifutiwe!

Halafu sisi walimu watarajiwa tunafundishwa tukafundishe nini? "Bonyeza F2, andika jina, bonyeza Enter." Pale kwenye dirisha mashine inakuuliza kwa sababu aliyeunda dirisha aliweka ukaguzi wake. Chini yake hakuna anayeuliza. Mtoto anamaliza shule anaamini kompyuta huuliza siku zote, kama nilivyoamini mimi, halafu siku moja anampa mtu sifuri kwa imani hiyo.

Skripti yangu sasa inaangalia kwanza kama jina lipo, na inahesabu picha kabla na baada. (Najua, kati ya kuangalia na kubadili programu nyingine inaweza kupenya. Kwenye laptopu yangu niko peke yangu, niacheni.) Binti nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile, na 31 yake nimeiandika. Anayetaka skripti aje chumbani na flashi, ila asije saa za chakula.