Saa Tisa ya Nani?

Leo siongelei kura wala mikutano, naongelea saa.

Mama yangu mdogo hapa Sigino ni katibu wa kikundi cha akina mama. Juzi kati nilimsaidia kuomba miadi ofisi fulani kupitia mtandao, nyaraka za kikundi zikahakikiwe. Tukabonyeza Kiswahili, akafurahi. Mwisho ukurasa ukamwandikia: "Fika saa 9:00 AM." Mimi nilishaondoka, nikijua kazi imekwisha.

Siku ya miadi akapanda bodaboda, akafika mjini Babati saa nane mchana, mapema kabisa kwa mtu wa saa tisa. Akaambiwa zoezi lilianza saa tatu asubuhi na limefungwa. Aliporudi akaniuliza, "Mwanangu, kwani nimekosea wapi?"

Hajakosea popote. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa moja ni asubuhi, siyo usiku wa manane. Waethiopia nao wanahesabu hivyo hivyo. Aliyetengeneza ukurasa ule alitafsiri maneno akaacha saa ya Mzungu ndani yake. Hiyo "AM" kwa mama mdogo ni herufi mbili tu. Na hapa kwetu wazee wengi lugha yao ya kwanza ni Kigorowa au Kiiraqw. Kiswahili chenyewe wamejifunza, halafu unawaongezea na fumbo!

Watasema tatizo ni elimu ya wananchi. Hapana bwana. Mama huyu anatunza daftari la hisa la kikundi na halijawahi kukosa shilingi. Tatizo ni mfumo uliotengenezwa bila kumuuliza mtumiaji hata mmoja.

Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Vizuri, tulipiga makofi. Lakini lugha siyo kitufe cha kubonyeza juu ya ukurasa. Lugha inakuja na namna watu wanavyohesabu saa, wanavyoitana majina, wanavyomwelekeza mgeni nyumbani: "pita kanisani, ukifika kwenye mwembe uliza." Fomu inayodai jina la mtaa na namba ya nyumba inamtoa jasho mtu kama huyo, hata ikiwa kwa Kiswahili sanifu.

Dawa yake haihitaji bajeti kubwa. Andika "saa 3:00 asubuhi," basi. Kabla ya kuzindua mfumo wowote wa umma, leta simu Sigino, wape akina mama watano waujaribu, wewe kaa kimya uangalie wanapokwama.

Na sisi tusijitoe. Fomu zetu za kusajili wanachama mtandaoni, nani kati yetu amezijaribu na bibi yake? Tukidai serikali inayosikiliza watu, tuanze na kurasa zetu wenyewe.

Mama mdogo ameomba miadi upya. Safari hii nimemwandikia saa mwenyewe, kwa kalamu, kwenye kiganja.