Yasmin hakuvunja heshima, yeye ndiye aliyevunjiwa

Huku kilimani baridi inakata masikio, bumu limeshaisha na mitihani iko mlangoni. Lakini leo siandiki habari za bumu wala sapu. Leo nina hasira, na nitaitoa hapa hapa.

Wiki nzima hosteli yetu imekuwa ikibishana juu ya filamu ya Vuta N'kuvute, ile ya Amil Shivji ya mwaka 2021, filamu ya kwanza ya Tanzania kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto kule Kanada. Wengi wetu hadithi tulishaijua, maana riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999 tuliisoma kidato cha tano na sita. Tukakariri wahusika na dhamira, tukajibu maswali, tukasahau. Kwa ambaye hakuisoma: ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Binti wa Kihindi, Yasmin, bado mdogo kabisa, anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake. Ndoa inamshinda, anatoroka. Ndugu zake wanamkataa. Anayempokea ni rafiki yake Mwajuma wa Ng'ambo, mwanamke asiye na mali wala jina kubwa. Baadaye anampenda Denge, kijana aliye kwenye harakati za kumng'oa mkoloni.

Sasa sikieni hukumu ya vijana wa darasani kwetu. Eti Yasmin mhuni. Eti kawavunjia wazazi heshima. Mmoja akaongeza kwamba filamu za namna hii ndo zinaharibu mabinti. Na kilichoniuma zaidi, wasichana wawili watatu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali!

Jamani, mi nauliza swali moja tu. Nani aliyemchagulia Yasmin mume? Familia. Nani aliyepanga arusi? Familia. Mambo yalipoharibika, nani aliyefunga mlango? Familia hiyo hiyo. Yaani uamuzi wa kwao, hasara ya kwake. Fundi akikuchagulia kitambaa mwenyewe, akakata mwenyewe, akashona mwenyewe, suruali ikakubana halafu akakwambia shauri yako, utamlipa? Utapiga kelele mtaa mzima usikie. Lakini familia ikimfanyia hivyo binti yake, tunaita mila na tunaiheshimu.

Najua mtakachosema. Hayo ni mambo ya Pwani, tena ya zamani, sisi wa Nyanda za Juu yanatuhusu nini? Haya, twende taratibu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 si ya Pwani peke yake, ni ya Tanzania Bara nzima. Iliweka mvulana aoe akiwa na miaka 18, msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa miaka 14. Rebeca Gyumi, mwanasheria, akaenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu vya 13 na 17, na mwaka 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasema Gyumi yuko sahihi, ikatoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka ule ukaisha na sheria haijarekebishwa. Kwa hiyo Bwana Raza si mzee wa kwenye kitabu tu, mzee wa aina yake huku Bara alikuwa na kifungu cha sheria cha kujifunika.

Sasa njooni nyumbani. Nani hajui safari ya mabinti wa kwetu kwenda Dar? Binti anamaliza darasa la saba, anatokea mama fulani kutoka mjini, anaongea vizuri: nipeni huyu, nitamsaidia, nitamsomesha cherehani. Wazee wanakaa kikao. Binti haulizwi, anaambiwa tu afungashe. Kaka yake anabaki anasoma, na mshahara wa dada, ukilipwa, ndo unaomnunulia madaftari. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema mtoto wa miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kuamka saa kumi alfajiri, kufua, kupika, kulea watoto wa mwenzio na kulala wa mwisho, hiyo ni kazi nyepesi? Na mtu akitaka kuchekesha, anaigiza dada wa kazi mwenye lafudhi ya Iringa, na sisi wenyewe tunacheka mpaka machozi.

Binti huyo akirudi mwaka wa pili na mimba, mnajua anachoulizwa. "Umetuletea nini?" Waliomtuma ni hao hao! Hapo kuna tofauti gani na Yasmin? Mlango ni ule ule, umehamia Mufindi na Rungwe tu.

Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi katika shule za kawaida. Vizuri sana. Mlango wa shule umefunguliwa. Wa nyumbani nani ataufungua?

Kaka zangu, msidhani nyie mmesalimika. Mnaambiwa mwanaume halii, mwanaume hapiki, mtoto wa kwanza ndo nguzo, rudi na ng'ombe wa mahari. Bumu likiingia mnakula chipsi asubuhi na jioni, likikata mnakuja kugonga vyumbani kwetu na visahani, eti hamkufundishwa kushika mwiko. Nani kawaambia njaa ni uanaume? Na yule anayetuma nusu ya bumu nyumbani kila semista kwa sababu ndo dume la familia, akifeli kwa mawazo, ukoo utakaa upande wake au utasema amewaaibisha?

Wengine wanasema wazazi wanajua zaidi. Sikatai. Mama yangu ameuza ndizi Tukuyu miaka mingi, anajua vitu ambavyo hakuna mhadhara utanifundisha. Hakutaka nije chuo huku, alitaka nichukue cheti cha ualimu karibu na nyumbani. Tulibishana siku tatu. Nikaja. Mwaka wa kwanza maisha yaliponibana kwelikweli, alinitumia kwa basi mkungu wa ndizi na elfu ishirini, na hakuniambia hata mara moja "si nilikwambia". Huyo ndo mzazi wa kumsikiliza, maana hata nikikataa shauri lake najua mlango uko wazi. Anayekuchagulia maisha halafu hakupokei yakiharibika hakuwa anakutakia heri, alikuwa anatua mzigo.

Kwa hiyo likizo ijayo, ukiwekwa kikao, iwe ni habari ya mume, ya kazi au ya ng'ombe, uliza kwa adabu kabisa, umepiga magoti kama tulivyofundishwa: "Baba, shangazi, nimewasikia. Yakiharibika, mtanipokea?" Halafu nyamaza usikilize. Jibu litakalotoka, au kimya kitakachotokea, ndo kitakuonyesha kama hiyo ni heshima au biashara.

Na la mwisho. Nusu ya tuliopo hapa tutakuwa walimu, tutapangiwa Kilolo, Chunya, Mbarali, na siku moja tutasimama mbele ya darasa na riwaya hii mkononi. Msije mkamfundisha Yasmin kama mfano wa binti asiye na maadili ili mtoto apate alama. Kwenye dawati la nyuma kutakuwa na binti ambaye kikao chake kimeshapangwa Jumamosi. Mwambieni kuhusu Bwana Raza, lakini msisahau kumwambia kuhusu Mwajuma. Na ikibidi, muwe Mwajuma wenyewe.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja aje nayo, mwenye matusi abaki nayo.