Upendo Usiofunika Kombe

Upendo wa Kikristo, kama unavyoeleweka katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, ni upendo wa sauti ya chini. Hauulizi, haudai, haumtaji mtu kwa jina. Mhazini wa kwaya akila fedha za sare, wapendwa huambiwa wamwombee. Mke akifika kwa wazee wa kanisa na jicho lililovimba, hushauriwa avumilie. Mtoto akisema jambo zito kuhusu mwalimu wake wa shule ya Jumapili, kikao huitishwa usiku, na kukicha kila mtu hutakiwa awe amesahau. Anayeendelea kuuliza ndiye huonekana amepungukiwa na upendo. Imani hii imezoeleka kiasi kwamba haihitaji hata kuhubiriwa, nayo ni potofu tangu mzizi wake.

Imesukwa kwa nyuzi mbili. Uzi mmoja ni methali: funika kombe mwanaharamu apite. Wa pili ni waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 4 aya ya 8, unaozungumzia upendo unaositiri dhambi nyingi. Zikisokotwa pamoja, hekima ya pwani ya kusitiriana huvaa joho la Maandiko, na aliyetaka kuinyosha hesabu ya kanisa hujikuta anapingana na mtume. Ajabu ni kwamba hata methali yenyewe haisemi kombe lifunikwe daima. Hufunikwa mpaka mpita njia apite, kisha hufunuliwa watu wale.

Petro naye hakubuni maneno hayo. Anaitegemea Mithali 10:12, ambako chuki inayochochea ugomvi inawekwa upande mmoja na upendo upande wa pili. Habari hapo ni ya watu waliokoseana: mmoja hulitunza kosa alilotendewa ili alitumie kesho, mwingine huliachilia. Dhambi anayoisitiri mtu wa pili ni ile aliyotendewa yeye. Hapati mamlaka ya kusitiri ile aliyotendewa jirani yake. Mwenye jicho lililovimba anaweza kusamehe, na huo ni uamuzi wake mbele ya Mungu. Mzee wa kanisa ambaye hakupigwa hana cha kusamehe, na anaponyamaza hutoa sadaka kwa kuku wa mwenzake.

Amri ya kumpenda jirani, ambayo Yesu aliitaja kuwa ya pili kwa ukubwa, imetoka katika Mambo ya Walawi 19:18. Mahubiri juu ya aya hiyo ni mengi, lakini wahubiri wanaorudi nyuma aya moja ni wachache. Aya ya 17 inakataza kumchukia ndugu moyoni, na papo hapo inaagiza jirani akemewe, ili anayejua asibebe dhambi kwa ajili yake. Kwa mpangilio wa torati, basi, kumkemea mtu ni kinyume cha kumchukia. Anayejua na kunyamaza ndiye anayesogea upande wa chuki. Hata sura ya 13 ya Wakorintho wa Kwanza, isomwayo karibu kila harusi, kabla ya kufika kwenye uvumilivu wa mambo yote inasema kwamba upendo hauna furaha na udhalimu, furaha yake iko upande wa kweli. Anayemrudisha mke nyumbani kwa nusu ya pili ya sentensi, huku nusu ya kwanza ameiacha mezani, hajaisoma sura hiyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Ni aibu kwa baraza la wazee kuwa nyuma ya Bunge kwa zaidi ya nusu karne katika jambo la upendo.

Penye fedha ndipo unafiki huonekana kirahisi zaidi. Katika kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, sanduku hufungwa kwa makufuli matatu, funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa wote wakitazama. Hakuna anayenuna. Mshika ufunguo hajioni ametukanwa. Anajua kwamba makufuli hayo yanamlinda yeye kabla ya kumlinda mwingine yeyote, kwa sababu siku fedha zikipungua hatashukiwa peke yake. Jumapili watu hao hao wakiingia kanisani, hesabu hugeuka kuwa suala la imani. Mfuko wa ujenzi hukaa kwa mtu mmoja miaka sita, daftari halionekani, na swali moja tu hutosha kumpa muulizaji jina la mtu wa kuleta fujo. Paulo alikuwa mtu wa kikoba. Alipokusanya mchango kwa ajili ya Wakristo wa Yerusalemu, alituma ndugu wengine waandamane na fedha hizo, na katika 2 Wakorintho 8:20–21 anaeleza sababu waziwazi: fedha ni nyingi, naye hataki lawama, kwa kuwa uaminifu unapaswa kuonekana mbele ya wanadamu pia. Mtume aliyeandika ule utenzi wa upendo aliomba akaguliwe.

Watetezi wa ukimya hukimbilia Wakorintho wa Kwanza sura ya 6, ambako Paulo anawalaumu waumini kwa kupelekana mahakamani. Lakini lawama yake haiishii hapo. Anauliza kama kweli hamna hata mmoja kati yao mwenye hekima ya kuamua, maana yake anataka kesi iamuliwe, tena iamuliwe vizuri. Sura iliyotangulia anawakaripia watu hao hao kwa kumvumilia mtu anayeishi na mke wa baba yake na kujivuna juu yake. Na mwenyewe, haki yake ilipokuwa hatarini, alikata rufaa kwa Kaisari. Madai ya shamba baina ya ndugu wawili ni jambo moja. Mtoto aliyedhulumiwa ni jambo jingine, na hapo kikao cha usiku hakina nafasi kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nchini Tanzania inamtwisha mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa wajibu wa kuzitoa taarifa hizo kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mchungaji ni mwanajamii.

Hoja kwamba uwazi ni tabia ya kigeni, isiyofaa watu waliolelewa katika heshima, inavunjwa na historia ya Ukristo wa eneo hili hili. Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church na Muganda Simeoni Nsibambi walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho uliwaka katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Walokole, kama walivyoitwa watu wa uamsho huo, walikuwa na neno lao kwa upendo wa kila siku: kutembea nuruni. Maana yake ilikuwa kumwendea mtu na kumwambia kosa, lako au lake. Waliokuwa wameiba walirudisha mali. Wamisionari waliungama mbele ya Waafrika dharau waliyokuwa nayo, jambo ambalo heshima ya kikoloni haikuliruhusu. Yalikuwapo ya kupita kiasi pia, maana maungamo ya hadharani yaligeuka wakati mwingine kuwa burudani kwa wasikilizaji. Hata hivyo, wimbo wao wa Tukutendereza uliimbwa na watu waliokuwa wamelipa madeni yao. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kubeba silaha za serikali, wakiziambia pande zote mbili kwa nini.

Kipimo kigumu zaidi kilikuja Uganda. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu wa askari wake. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa uamsho ule ule, alitoroka na mkewe hadi Rwanda, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake linatamka kwamba anampenda Idi Amin. Wengi hukumbuka jina la kitabu na kusahau barua. Kivengere alikuwa miongoni mwa walioitia sahihi, wala hakuona mgongano wowote: alimsamehe adui yake baada ya kumwambia, kwa maandishi, kwamba anaua.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa heshima zaidi. Makanisa haya yamewahi kukemea, na yalikemea vibaya. Kwa miongo mingi msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alitengwa, akasimamishwa mbele ya usharika siku ya kurudi kundini, huku mwanamume aliyempa mimba akiendelea kuimba kwenye kwaya. Wenye kumbukumbu hizo wana haki ya kuogopa. Ila kosa halikuwa kukemea. Lilikuwa kumkemea mnyonge na kumfunikia kombe mwenye nguvu, yaani ukimya ule ule ukifanya kazi upande wa pili. Mathayo 18:15–17 ina utaratibu unaozuia hayo: mwendee mkosaji peke yake, kisha na shahidi mmoja au wawili, ndipo usharika uambiwe. Hatua ya kwanza ndiyo hugharimu, na ndiyo hurukwa. Kanisa linalosifiwa kwa utulivu mara nyingi lina habari zote za mhazini wake. Zinazunguka kisimani, kwenye daladala na katika vikundi vya WhatsApp, na hazijamfikia yeye tu.

Ikifuatwa hatua hiyo, kisa cha sare huenda hivi. Mtu mmoja humfuata mhazini kwake jioni, si Jumapili, na daftari analo. Huuliza, na husubiri jibu. Pengine hugundua kwamba fedha zililipia matibabu ya mama yake, na kwamba aliona haya kuomba mchango. Pengine hugundua zimeishia baa. Kwa vyovyote vile, deni huandikwa kwa tarakimu na kiwango cha kulipa kila mwezi, ufunguo hukabidhiwa mwingine, na wanakwaya huelezwa kilichotokea kwa maneno machache yasiyoongezwa chumvi. Kama ni ugonjwa, mchango wa mama hupitishwa siku hiyo hiyo. Pasaka ikifika, kwaya huimba na sare za mwaka uliopita, naye yumo mstari wa nyuma, kwenye besi.