Chunguza Tairi Kabla ya Kumlaumu Mtoto

Ndugu msomaji, tairi likitobolewa na msumari mkubwa huisha upepo papo hapo, na kila apitaye huliona. Lakini lile livujalo kidogo kidogo humhadaa mwenyewe. Leo hulijaza likasimama imara. Baada ya siku tano hulikuta limelala, naye asijue upepo umepitia wapi. Hapo ndipo watu huanza kutafutana uchawi.

Nyumbani kwetu Dar es Salaam tunalo tela dogo la magurudumu mawili, ambalo shemeji yangu hulifunga nyuma ya pikapu kwenda Mkuranga kuchukua nazi na mihogo. Kwa muda wa miezi miwili, gurudumu la kushoto lilikutwa limepungua upepo kila Jumamosi alfajiri. Shemeji akakata shauri kwamba mkosaji ni mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka tisa, kwa kuwa siku moja alionekana akichezea kifuniko cha valvu. Mtoto akagombezwa mbele ya wenzake. Mama yake akanuna, na salamu baina ya nyumba mbili zikakatika. Upepo nao ukaendelea kuisha.

Mwishowe tulimwita mzee mmoja afanyaye kazi ya pancha mtaani kwetu. Hakuuliza ni nani. Aliuliza, "Mmepima?" Tukakiri kwamba hatujapata kupima hata mara moja.

Basi kipimo ndicho mwanzo. Jaza upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kiasi alichoagiza mtengenezaji, kisha upime tena kesho yake saa ile ile. Usilinganishe kipimo cha alfajiri na cha adhuhuri, maana upepo ukipata joto kipimo hupanda, ukipoa hushuka, hata kama hakuna tundu lolote.

Ikithibitika kwamba tairi linavuja, tengeneza maji ya sabuni yenye povu, uyapake kwa brashi au kitambaa. Anza na valvu: mdomoni mwake, na pale shina lake linapoingia katika rimu. Fuata sehemu inayokanyaga barabara, kisha ubavu, na mwisho ukingo ambapo tairi hukutana na rimu, pande zote mbili. Usiwe na haraka. Tundu dogo halitoi mapovu makubwa. Hutoa povu jembamba jeupe, nalo huchukua dakika kadhaa kuonekana.

Ukilazimika kuling'oa gurudumu, zuia lile la pili kwa mawe mbele na nyuma, ulegeze nati kabla ya kupandisha jeki, na usijiingize kamwe chini ya tela lililoshikwa na jeki peke yake.

Kwetu sisi valvu ilikuwa salama, na hapakuwa na msumari. Povu lilitokea upande wa ndani, ukingoni mwa rimu. Tela lilikuwa limelala nje masika nzima, kutu ikala chuma, na tairi likakosa mahali laini pa kukalia. Mzee alitoa upepo wote kwanza, akalitenganisha tairi na rimu, akasugua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikawa laini, akafuta vumbi, akapaka dawa ya kuzibia ukingo. Valvu ya zamani, ambayo mpira wake ulikuwa umekauka, aliitupa akaweka mpya. Akajaza upepo, akapaka sabuni tena. Hapakutokea povu.

Kama ingekuwa ni ulimi wa valvu uliolegea, kuukaza au kuubadilisha kungetosha. Tundu dogo la msumari katika sehemu ya kukanyagia huzibwa na fundi kwa kiraka cha ndani. Lakini ubavu uliotoboka au kupasuka hauzibwi. Tairi hilo limekwisha kazi. Na rimu za malori zilizoundwa kwa vipande zina hatari ya kuruka na kuua. Hizo waachie mafundi wenye vifaa vyake.

Usiseme kwamba kujaza upepo kila Jumamosi kunatosha. Tairi lenye upepo haba hujikunja ubavu kila linapozunguka, hupata joto, na hatimaye hupasuka. Gari likipungukiwa upepo dereva huhisi katika usukani. Tela halina usukani, wala halina mtu ndani wa kupiga kelele. Huenda dereva asijue mpaka mzigo umelala barabarani, pengine juu ya mwendesha baiskeli aliyekuwa akienda zake.

Juma lililofuata geji ilionyesha kipimo kile kile. Shemeji hakusema neno. Alivaa shati, akaenda nyumba ya pili, akawaita watoto wale wale waliokuwapo siku ya ugomvi, akamwomba radhi mtoto mbele yao na mbele ya mama yake. Siku hizi mtoto huyo ndiye atushikiaye geji kila Jumamosi, na hutusomea namba kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie.

Ndugu msomaji, sabuni ya kipande na nusu saa ya subira vingalituepusha na aibu hiyo. Pima kwanza, ndipo ulaumu.